Maharage ya mbegu huchaguliwa yakiwa bado shambani

Mama mkwe alinipa mbegu ya kablanketi mwaka tulipohamia kwenye kiwanja chetu, nje kidogo ya Mbeya mjini. Yale maharage ya madoadoa ya zambarau, watu wa nyanda za juu wanayajua. Nilivuna vizuri, nikayafunga kwenye kiroba, nikayaweka stoo. Februari nilipofungua ili nipande, kila punje ilikuwa na tundu na chini kumejaa unga. Yote yamebunguliwa. Niliumia, maana mbegu ile hainunuliwi dukani. Yeye mwenyewe aliipata kwa mama yake.

Akanipa nyingine, vikombe viwili, lakini safari hii alinitaka niende shambani kwake kabla ya kuvuna. Nilikuta mashina kama thelathini yamefungwa vitambaa. “Haya ndiyo mbegu,” akaniambia. “Mengine yote ni chakula.”

Tangu siku ile nafanya hivyo hivyo, na kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua hili. Pita shambani maganda yakiwa bado mabichi, ufunge kitambaa kwenye shina lililobeba vizuri, majani yake hayana batobato, yale mabaka ya kijani kilichopauka, wala hayajajikunja, maganda hayana vidonda vyeusi vilivyodidimia. Ua la maharage mara nyingi hujichavusha lenyewe, kwa hiyo punje hufuata shina mama. Shida ni kwamba batobato na chule, ugonjwa unaoleta vile vidonda vyeusi, navyo husafiri na mbegu. Punje ya shina gonjwa inaweza kung'aa kwenye ungo kama zenzake, ukaipanda, ukapanda na ugonjwa. Ukishachanganya kwenye gunia, huwezi tena kujua ipi ilitoka wapi.

Maharage ya mbegu nayapanda mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi, ili yakauke mvua zikiwa zimekatika. Mistari sentimita 50, punje moja kila sentimita 10. Kwenye palizi ya kwanza pandishia udongo shinani: inzi wa maharage akiwa ameshatoboa, shina hutoa mizizi mipya juu ya jeraha na mche unaweza kupona. Na usiingie shambani majani yakiwa yamelowa, utasambaza magonjwa kwa nguo zako. Kuvuna ni tofauti. Hapo mimea imeshakauka, na umande wa alfajiri unasaidia maganda yasipasuke na kumwaga punje. Ng'oa mashina ya vitambaa kwanza, uyapure peke yake kwenye turubai lake.

Sasa kubunguliwa. Mdudu huanzia shambani. Hutaga kwenye maganda yanayokauka, hivyo unaweza kuyaleta nyumbani mwenyewe bila kumwona. Ndiyo maana sichelewi kuvuna wala kupura. Naanika siku kadhaa, kisha napima kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia maharage kidogo na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Ikibaki kavu, jaza mbegu kwenye chupa za plastiki za maji, zile za lita moja na nusu, mpaka mdomoni kabisa, ukaze kifuniko. Ndani hewa inaisha na mdudu anakufa. Usifungue mpaka siku ya kupanda. Chupa moja mpe jirani unayemwamini akuwekee. Mimi yangu iko kwa mama mkwe, na yake iko kwangu.

Yaliyobaki ni ya sufuria. Kabla hayajakauka, ganda likianza kupauka, nachambua mabichi machache. Hayahitaji kulowekwa na huiva upesi. Makavu nayaloweka usiku, namwaga yale maji, natia mapya, kisha nachemsha kwa moto mkali dakika kumi za mwanzo bila kupunguza. Maharage yasiyochemka sawasawa yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na moto wa uvuguvugu hauiondoi. Baada ya hapo punguza moto. Maji yakipungua ongeza ya moto.

Nyanya zisubiri mpaka punje ilainike kabisa, kwa sababu uchachu wake hufanya maharage yakatae kuiva. Magadi sitii, yanalainisha, lakini yanaharibu ladha niliyoihangaikia miezi yote hiyo. Kaanga kitunguu, tia nyanya, mimina maharage na maji yake, ponda upawa mmoja dhidi ya ukingo wa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Ukiwa na mchele wa Kyela, pika wali mweupe, bila viungo, kila kimoja kinukie chenyewe.