Kabla ya Kupaka Tope, Zidisha Mara 35

Kifaru changu cha kwanza nilikizika kwa tope. Kilikuwa modeli ya plastiki ya T-34/85, aina ya kifaru cha vita cha Kisovieti T-34, kipimo cha 1/35: milimita 1 ya modeli ni milimita 35 za kifaru halisi. Wiki tatu za kuunganisha, viungo vimeshikana vizuri, rangi ya kijani imekaa sawasawa. Siku ya mwisho nikachanganya unga wa rangi na gundi, nikaubandika mabonge mabonge kwenye magurudumu na ubavuni ili kionekane kimetoka vitani. Ulipokauka nikapima bonge moja kwa rula: milimita 8. Ukizidisha mara 35 unapata sentimita 28. Ubavu wa T-34 umelala mshazari. Donge nene kiasi hicho lingekuwa limeshaporomoka zamani.

Tangu siku hiyo nazidisha kwanza, ndipo nashika brashi. Mchubuko wa milimita 1 ni kidonda cha sentimita 3.5 kwenye chuma halisi. Chembe ya mchanga ya nusu milimita inageuka jiwe. Kwa hiyo udongo wa bustani siutumii hata kama umechekechwa; natumia unga laini wa rangi, kidogo kidogo.

(Namba 35 yenyewe haikutoka jeshini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa modeli ya kifaru cha Panther inayotembea kwa mota, na ukubwa wake ukaamuliwa na nafasi iliyohitajika kuweka mota na betri ndani ya bodi. Kipimo kikazoeleka.)

Kwenye kuunganisha sina mengi ya kusema. Osha fremu za plastiki zinazoshika vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mafuta ya kiwandani hukataa rangi. Kata kipande mbali kidogo na ukingo wake, kisha malizia kwa wembe na msasa. Gundi nyepesi usiipake kabla: shikanisha vipande viwili vikiwa vikavu, gusisha ncha ya brashi kwenye mstari, yenyewe itajipenyeza na kuyeyusha plastiki. Mzinga wenye nusu mbili uache usiku kucha kabla ya kuusugua. Ukiharakisha, mstari unarudi kuonekana chini ya rangi, na hapo hakuna tena pa kujificha.

Kitu kimoja tu kwenye hatua hii kinanifanya nikae muda mrefu: minyororo. T-34 haina vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo. Sehemu ya juu inalala yenyewe juu ya magurudumu makubwa matano, ikibonyea kati ya gurudumu na gurudumu. Mnyororo wa mpira unaokuja kwenye modeli nyingi za zamani hukaa umekazwa kama mkanda wa mashine, na macho ya mtu yeyote yanahisi kuna kasoro hata asipojua ni ipi. Uvute chini kwa uzi au gundi mpaka uguse magurudumu. Kama mnyororo wako ni wa pingili za plastiki zinazotengana, ziunge kwenye mstari, na kabla gundi haijakauka kabisa zizungushe na kuzilaza, ukisukumia pamba juu yake ili zikauke zimebonyea.

Rangi ya msingi, halafu kijani. Kijani hicho kichanganye na rangi iliyopauka kidogo, kwa sababu kitu kidogo chenye rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi zaidi. Kisha vanishi inayong'aa, na ndipo ubandike stika za maji. Niliwahi kubandika namba ya mnara (sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga) juu ya rangi isiyong'aa. Hewa ikanaswa chini yake, ikabaki na weupe kama ukungu ambao vanishi ya baadaye haikuuondoa. Rangi nyembamba ya mafuta ya kupitisha kwenye mistari na misumari nayo iweke juu ya akriliki (rangi isiyo ya mafuta) iliyokauka na kufunikwa na vanishi. Thina yake ikikutana na rangi ya mafuta iliyo chini, inaibeba yote.

Sasa uchakavu. Usianze na brashi, anza na swali: nani aligusa hapa? Askari wa miguu wa Kisovieti walisafiri juu ya vifaru hivi wakishika vishikio vilivyochomelewa kwenye bodi na mnara. Vishikio hivyo ndivyo vinavyochubuka, pamoja na kingo za milango ya juu na mahali pa kukanyagia. Katikati ya bamba pasipofikiwa na mtu paache pazima. Mafuta humwagika karibu na mapipa ya akiba na kutiririka kuelekea chini. Moshi huacha weusi kwenye mabomba mawili ya nyuma. Sehemu ya mnyororo inayosaga ardhi hung'aa chuma kitupu, lakini mipira ya magurudumu haipati kutu kamwe, ingawa naona modeli nyingi nzuri zikipakwa kutu hapo.

T-34 yangu ya pili tope lake halizidi milimita 1, na karibu lote limekaa chini, kati ya magurudumu. Juu kuna vumbi jepesi tu, na vishikio vimechubuka upande wa ndani, pale vidole vinapojikunja.