Katikati ya Lindi mjini: lami imefika, nyumba ni zilezile. Kwa nini?

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini kila mwaka tunaambiwa katikati ya Lindi panaendelezwa upya, na ukipita mitaa ya karibu na soko unakuta magofu yaleyale. La pili, kama ni busara kununua nyumba chakavu pale ukasubiri mji uamke. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu mimi ndiye msimamizi wa mirathi ya nyumba ya bibi yetu mitaa hiyohiyo, na hilo unaloliona kwa nje mimi naliishi kwa ndani.

Wanaosema hakuna kilichofanyika wanakosea. Aliyesafiri kwenda Dar kabla ya Daraja la Mkapa kule Rufiji kufunguliwa mwaka 2003 anajua tulikotoka, na hata baada ya daraja, kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututesa kila masika kwa miaka mingi. Mjini nako zimekuja barabara za lami, mitaro na taa. Lindi ilikuwemo kwenye ule mradi wa kuimarisha miji 18 tulioujua kwa kifupi kama ULGSP. Sasa angalia vitu hivyo vimejengwa wapi: kwenye hifadhi ya barabara, ardhi ya umma, ambako hahitajiki mrithi wa kutia saini. Ukivuka mtaro ukaingia kwenye kiwanja cha mtu, mara nyingi jina lililo kwenye jalada ni la mtu aliyezikwa zamani. Hapo ndipo kazi inaposimama.

Chanzo chake ni cha zamani. Lindi ndiyo ilikuwa makao ya jimbo la Kusini. Ukaja mradi wa karanga wa Waingereza, ikatafutwa bandari yenye kina kirefu, Mtwara ikapata gati mwaka 1954 na ofisi kubwa zikahamia huko. Mkonge ukaanguka bei. Halafu mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, yale yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye, mwaka 1990, yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi zilizokuwa na maduka chini na makazi juu zikaondoka. Biashara iliyokuwa ikilipia chokaa na mbao za yale maghorofa ikawa imekwisha, na jengo la pwani lisipopata matunzo, upepo wa chumvi unalimaliza.

Nyumba zetu sisi wenyeji zina habari nyingine. Ya bibi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, mbele fremu za biashara, nyuma ua. Bibi alifariki bila kugawa. Watoto wake baadhi wakafariki nao kabla ya mirathi kufunguliwa, kwa hiyo warithi wa leo ni wajukuu waliotawanyika: Dar, Nachingwea, Mtwara, na wengine hawajawahi kulala hata usiku mmoja ndani ya nyumba hiyo. Kwetu Wamwera mjomba ana sauti kwenye mali ya upande wa mama, na wakati huohuo sisi ni Waislamu, mirathi ina mafungu yake. Kikao cha ukoo kilirudiwa mara nyingi kwa sababu hiyo tu. Mahakama ya Mwanzo ikishakuteua, unapewa miezi minne ya kukusanya na kugawa, na zaidi ya hapo unaomba kuongezewa. Nyumba moja yenye warithi wengi haigawanyiki ndani ya muda huo. Ama mmoja awanunue wengine, ama iuzwe, ama wote wakubali kubaki pamoja.

Hapa watu wa nje huwa wanasema, "Si muuze tu?" Shangazi yetu mzee anaishi uani, na pango la zile fremu ndiyo dawa zake na chakula chake. Ukibomoa leo ili ujenge ghorofa, yeye anakosa kipato tangu siku ya kwanza, na ghorofa haimalizwi kwa msimu mmoja. Alikuja mfanyabiashara akapendekeza ubia kama wanavyofanya Kariakoo: sisi tutoe kiwanja, yeye ajenge, tugawane vyumba. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka alipotaka hati iwekwe dhamana benki kwa jina la kampuni yake. Familia ilikataa na mimi niliunga mkono kukataa. Biashara yake ikiyumba, benki inachukua kiwanja, na shangazi anatolewa uani na dalali wa mahakama. Ukipita mbele ya nyumba yetu utasema hawa watu wamelala. Hatujalala.

Ongeza suala la gesi. Kila Likong'o, pale panapopangwa kujengwa mtambo wa gesi, inapotajwa kwenye taarifa ya habari, bei ya nyumba mjini inapanda midomoni mwa warithi. Juni 2022 Serikali iliposaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell kuhusu mtambo wa kuchakata gesi, ndugu wawili waliokuwa tayari kuuza mafungu yao walibadili nia wiki hiyohiyo. Siwalaumu, lakini tuliiona Mtwara. Kabla ya 2013 kodi za nyumba zilipanda, hoteli zikajengwa, kila mwenye kiwanja akangoja bei ya juu zaidi. Bomba likajengwa kupeleka gesi Dar, wageni wakapungua, waliongoja wakabaki wanangoja.

Wengine wanaogopa kitu kingine: kupigwa X nyekundu, yaani alama ya kubomolewa. Hofu hii ina msingi, ila watu wajue haki zao. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, fidia si bei ya matofali peke yake. Kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa pango la miezi 36, na faida ya biashara inayopotea. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia unadumu miaka miwili, na malipo yakipita miezi sita yanadai riba. Mwenye nyumba asiye na karatasi za mirathi atapata shida kudai hata kimoja kati ya hivyo, kwa kuwa hundi haiandikwi kwa jina la marehemu.

Ndiyo maana mimi naamini uendelezaji wa pale katikati unatakiwa uanzie kwenye mirathi kabla ya michoro. Manispaa ichukue kitalu kimoja tu, siyo mji mzima. Ilete wasaidizi wa kisheria na watu wa ardhi wakae kata hiyo, familia zimalize mirathi, hati zilizoisha muda zihuishwe, deni la pango la ardhi lijulikane. Baada ya hapo mwekezaji atakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mchoro mzuri wa ghorofa juu ya viwanja vya marehemu utabaki ukutani ofisini.

(Kwa wanaokarabati: msipige plasta ya saruji kwenye ukuta wa matumbawe. Unyevu unakosa pa kutokea, plasta inabanduka na ukuta unaoza kwa ndani. Tafuteni fundi anayejua chokaa, bado wapo Lindi na Mikindani.)

Sasa swali lako la pili. Kununua unaweza, lakini usimlipe mrithi mmoja hata kama ndiye anayeishi humo na ndiye mwenye funguo. Dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina ya warithi wote, na ridhaa zao za maandishi. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi uone jina lililosajiliwa, muda wa hati uliobaki na kama kuna zuio. Hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa imeshaisha. Risiti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) yenye makato ya kodi ya jengo haithibitishi umiliki, na kuna watu wanauziwa kwa karatasi hiyo. Nenda pia ofisi ya mtaa ukaulize majirani kama kuna kesi, maana kesi za nyumba za urithi majirani huzijua kabla ya masijala.

Anza na namba ya kiwanja na kitalu. Ukizipata ziweke hapa bila jina la muuzaji, tutakusaidia kuona pa kuanzia.