Ukocha msaidizi au uende ukawe kocha mkuu chuo kidogo?

Dada, umemaliza kucheza kikapu cha chuo huko Marekani na una nafasi mbili mkononi: usaidizi kwenye chuo kikubwa, au ukocha mkuu wa chuo kidogo kisicho na jina. Mimi ningeenda kule kudogo, ila mkataba niusome mara mbili.

Tara VanDerveer, kocha wa kikapu cha wanawake, alikuwa msaidizi chuo kikuu cha Ohio State, kisha mwaka 1978 akaenda kuwa kocha mkuu chuo cha Idaho, mbali na macho ya watu. Chuo cha Stanford walimchukua 1985, na alipostaafu 2024 alikuwa na ushindi 1,216. Kule pembeni utapanga mazoezi, utasajili wachezaji, utabishana kuhusu bajeti ya safari, na lawama za kufungwa zitakuwa zako peke yako. Msaidizi hayaonji hayo yote. Pat Summitt naye alipoanza ukocha mkuu chuo cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na miaka 22, aliendesha gari la timu na kufua jezi mwenyewe. (Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi, usicheke.)

Kuhusu mkataba, mwangalie kocha Kim Mulkey. Baada ya miaka 15 ya usaidizi chuo cha Louisiana Tech, walimpa ukocha mkuu; alitaka mkataba wa miaka mitano, wao wakashikilia minne. Akahamia chuo cha Baylor kama kocha mkuu mwaka 2000, na 2005 akatwaa ubingwa wa taifa. Kwa hiyo uliza miaka mingapi, ukifukuzwa unalipwa nini, na nani anaamua bajeti ya usajili. Wakikwepa hilo la mwisho, chukua usaidizi.