Shahidi wa Pili Aliyesimuliwa na wa Kwanza

Miaka michache iliyopita niliteuliwa kwenye kamati ya ushirika wetu iliyochunguza upotevu wa magunia 14 ya mahindi ghalani. Mlinzi alidai kumwona mtunza ghala akitoa magunia usiku, na mpishi akasema vivyo hivyo. Tulikuwa tumekaribia kumwachisha kazi nilipoomba karatasi, nikaandika kila hoja ndani ya duara na kuchora mishale kuonyesha ipi inaipinga ipi.

Mchoro huo sikuubuni mimi. Mwaka 1995 Phan Minh Dung, mtaalamu wa kompyuta, alionyesha kwamba hoja zinaweza kupimwa kwa mishale hiyo peke yake: hoja husimama iwapo kila pingamizi dhidi yake limeangushwa na hoja nyingine iliyosimama.

Kilichonifaa zaidi, hata hivyo, ni tofauti aliyoieleza mwanafalsafa wa Marekani John Pollock. Lipo pingamizi linalodai kinyume cha hitimisho, kama mtunza ghala aliposema kwamba usiku ule alilala kwa shemeji yake. Lipo na lile lisilosema aliiba wala hakuiba, ila linakata kamba inayofunga ushahidi na hitimisho: usiku ule umeme ulikatika, na kutoka kibanda cha mlinzi hadi mlango wa ghala ni hatua 80. Hili la pili wajumbe hulidharau wakiuliza, "Sasa kama si yeye, ni nani?", ilhali halina wajibu wowote wa kujibu swali hilo.

Akabaki mpishi. Tulipomuuliza alisimama wapi alipoyaona hayo, alijibu kwamba aliambiwa na mlinzi asubuhi wakinywa chai. Tuseme tulianza nusu kwa nusu kama mtunza ghala aliiba au hakuiba, na kila shahidi hupatia mara 8 kati ya 10. Shahidi mmoja anatufikisha asilimia 80. Wawili walioona kila mmoja kivyake, takriban 94. Wa pili akiwa amesimuliwa na wa kwanza, tunabaki palepale kwenye 80, na giza bado hatujalihesabu. (Hizo 8 kati ya 10 nilizikadiria tu ili kuona mwelekeo, usiziandike za namna hiyo kwenye ripoti.)

Ukiitwa kwenye kikao cha aina hii, chora kabla ya kura kupigwa, na mwulize kila shahidi amejuaje. Sisi tuliandika kwenye muhtasari kwamba ushahidi haukutosha, tukabadilisha kufuli, na mtunza ghala akarudi kazini Jumatatu. Magunia hatukuyapata.