Sky si samawati: maswali yenu kuhusu kupaka rangi ndege ndogo za mfano wa ndege za vita

*"Rangi sahihi ya Spitfire ni ipi?"* Msomaji wa Makorora, na wengine wengi kabla yake.

Hili nimelisema mpaka koo limenikauka. Hakuna rangi ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili. Ipo Spitfire moja, yenye namba yake ubavuni karibu na mkia, ya kikosi kimoja, siku moja. Ya Julai 1940 ina kahawia ya udongo na kijani iliyokoza juu, na rangi iitwayo Sky tumboni. Ikifika mwisho wa mwaka huo imeongezewa mkanda wa Sky mbele ya mkia, na kofia ya pangaboi imepakwa Sky pia. Kuanzia Agosti 1941 kahawia inaondoka, inaingia kijivu ya bahari, na tumbo linakuwa kijivu hafifu. Ile ya jangwa la Afrika Kaskazini ina kahawia na rangi ya mchanga juu, tumbo buluu. Ukiniandikia tena, taja namba ya ndege na mwezi. Bila hivyo hatuna pa kuanzia.

*"Nilipaka Sky kwa samawati ya geti. Wenzangu wanasema nimekosea."* Chumbageni.

Wana haki, na jina ndilo lililokuponza. Sky si rangi ya mbingu tunayoiona sisi hapa Tanga. Ni kijani hafifu sana yenye umanjano na ukijivu kidogo. Nenda sokoni, omba kuonyeshwa mayai ya bata, chagua lile lenye ukijani kwa mbali, ulitoe kivulini ulitazame juani. Hapo umekaribia.

Ni kweli kwamba katikati ya 1940 rangi hiyo ilikuwa adimu, baadhi ya viwanja vya ndege vikachanganya ya kwao, na nyingine zikatoka na ubuluu. Lakini ukitaka kujitetea kwa hilo, leta kipande cha bati kilichofukuliwa au kumbukumbu ya kikosi. Usilete picha ya simu. Weka simu mbili za aina tofauti mezani, fungua picha ileile, uone kama rangi zitafanana. Na picha ya zamani iliyotiwa rangi na programu ya kompyuta si ushahidi wa chochote. Programu imekisia, kisha watu wanainakili kama hati ya mahakama. Jambo hili linaharibu kazi za vijana wengi wenye mikono mizuri, na linaniuma.

*"Kwenye picha ya 1940 duara ya nje ya alama ya Waingereza ubavuni inaonekana nyeusi. Nipake nyeusi?"* Pangani.

Usithubutu. Hiyo ni njano.

Filamu nyingi za zamani hazikuiona nyekundu kabisa, na njano ziliiona kwa shida; buluu ziliiona kupita kiasi. Kwa hiyo njano inatoka nyeusi, nyekundu inatoka nyeusi, na buluu iliyokoza inapauka kama imefuliwa mara mia. Filamu nyingine za wakati uleule ziliziona rangi zote, na humo njano inang'aa. Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza nikipata picha ni kuchukua kioo cha kukuzia na kwenda moja kwa moja kwenye duara, kwa sababu pale rangi tunazijua tayari: nyekundu katikati, nyeupe, buluu, njano nje. Nikiona njano imekuwa nyeusi kuliko buluu, najua filamu ni ya aina gani, na ndipo naruhusu jicho liende kwenye herufi na mabawa. Ukianza na mabawa utadanganyika, na hutajua kwamba umedanganyika.

*"Ndege za kivita za Wajerumani kwenye Vita vya Tanga, Novemba 1914, zilipakwa rangi gani?"*

Hazikuwepo. Ndege yenye bunduki inayofyatua kupitia pangaboi iliingia vitani 1915, tena Ulaya. Ukitaka ndege za pwani yetu, soma habari za zile zilizotoka Mafia mwaka huohuo kuitafuta meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji. Hizo zilikuwa za kupeleleza na kuelekeza mizinga.

*"Shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), akapigana Burma. Alikuwa akisema ndege za Waingereza kule hazikuwa na wekundu wowote. Mjomba anasema mzee alisahau. Nataka kutengeneza ndege ya Hurricane aliyoiona."* Binti wa Muheza.

Marahaba, mwanangu. Babu yako hakusahau, na mjomba aambiwe. Ndege za Japani zilikuwa na duara jekundu kwenye mabawa na ubavuni. Askari aliye bondeni akiona wekundu kati ya matawi kwa sekunde mbili, hana nafasi ya kuangalia kama kuna buluu pembeni, anafyatua. Waingereza wakaiondoa nyekundu kwenye ndege zao za upande ule, wakabakiza buluu iliyokoza nje na buluu hafifu katikati. Wamarekani nao, Mei 1942, walifuta doa jekundu lililokuwa katikati ya nyota yao nyeupe.

Sasa tutafute tarehe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944, ikavuka mto Chindwin pale Kalewa Desemba. Kama babu alikuwa humo, paka kahawia ya udongo na kijani juu, kijivu tumboni, na duara ndogo za buluu mbili. Mikanda myeupe ya mabawani na mkiani iliyomo kwenye stika nyingi iache kwenye karatasi yake. Ilikuja mwanzoni mwa 1945. Tazama kwenye sanduku la bibi kama kijitabu chake cha jeshi kipo bado, utafute batalioni yake.

Wengine mnaosoma hapa, waulizeni watoto na wajukuu wa makeya kabla hamjakimbilia kwa wageni. Mtu aliyelala handakini chini ya ndege hizo ni shahidi, na maneno yake yanaishi nyumbani kwenu.

*"Ndege iliyoko makumbusho si ndiyo ushahidi mkuu?"*

Hapana. Nyingi zimepakwa upya, tena zaidi ya mara moja. Rangi ya asili itafute ndani ya vifuniko, mahali brashi ya pili haikufika.

*"Mistari myeusi na myeupe ya kutua Normandy kwenye Spitfire yangu ya kipimo cha 1/48 imenyooka kama rula. Nimepatia?"* Ngamiani.

Kama kila mstari una milimita 9.5, upana umepatia, maana ndege yenyewe ilikuwa na inchi 18. Unyoofu ndio unaonitia shaka. Amri ilifichwa hadi siku chache kabla ya 6 Juni 1944, siku majeshi yalipotua Normandy, Ufaransa; mafundi wakapaka mbio, wengi kwa brashi. Tazama picha ya ndege yako. Kama kingo zinayumba, ziyumbishe.

*"Rangi yangu ikikauka inafanya weupe kama ukungu."* Raskazone.

Umepuliza rangi ya gari wakati wa masika. Tina inaruka haraka, bati au plastiki inapoa, unyevu wa bahari unatua juu ya rangi mbichi. Ngoja siku kavu, anza saa nne asubuhi jua likishapanda, tumia tina inayokauka taratibu. Na ninyi mnaochonga bodi kwa mti mkavu wa maua ya mkonge, ni mwepesi na unakatika vizuri, lakini unakunywa rangi kama sifongo. Upakeni puti mara mbili, msasa kila mara, ndipo mfungue kopo.