Msamaha wa rais si mchezo wa chama kimoja

Unasema Rais Trump wa Marekani ndiye aliyeanza kusamehe watu wake? Hapana ndugu, huko ni kusahau mapema mno. Marc Rich je? Mfanyabiashara wa mafuta, alishtakiwa 1983 kwa kukwepa kodi na kufanya biashara na Iran, akajichimbia Uswisi, mahakamani hakukanyaga. Tarehe 20 Januari 2001, saa chache kabla ya kukabidhi madaraka, Rais Bill Clinton akamsamehe. Mtalaka wa Rich, Denise, alikuwa amekichangia chama cha Democratic pesa nyingi, na maktaba ya Clinton pia. Siku hiyohiyo akasamehewa Roger, ndugu wa Clinton kwa mama. Uchunguzi wa misamaha hiyo ulifanyika, hakuna aliyeshtakiwa.

Biden naye alisema hatamsamehe mwanawe Hunter. Desemba 2024 akamsamehe. Trump, siku yake ya kwanza tu aliporudi madarakani Januari 2025, akawasamehe watu wapatao 1,500 wa vurugu za Bunge la Marekani za Januari 6, 2021. (Hiyo ni idadi kubwa, nakubali.)

Mlango uko kwenye katiba yenyewe: kosa lolote la serikali kuu rais anaweza kulisamehe, isipokuwa kesi za Bunge za kumng'oa kiongozi, na haombi kibali kwa mtu. Wizara ya Sheria ina ofisi ya maombi, ambako mtu wa kawaida hutakiwa kungoja miaka 5 tangu atoke kifungoni. Rich hakupanga foleni hiyo. Wakili wake, aliyewahi kuwa mwanasheria wa Ikulu ya Clinton huyohuyo, alipeleka maombi Ikulu moja kwa moja.