Maswali na majibu: "had left" au "left"?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nashindwa kujua ni lini niandike "left" na ni lini niandike "had left". Mwanafunzi wa kidato cha pili, Morogoro.

Marahaba. Anzia kwenye Kiswahili chako, maana tofauti hiyo unaijua tangu utotoni. Ukisema "Tulipofika stendi, basi liliondoka", msikilizaji anaelewa kwamba mlifika nalo likaondoka. Ukisema "lilikuwa limeondoka", anaelewa kwamba hamkulikuta. Kiingereza nacho hutenganisha hali hizo mbili: "When we arrived, the bus left" na "When we arrived, the bus had left". Umbo hili la wakati uliopita timilifu huundwa kwa "had", ambayo haibadiliki kwa nafsi yoyote, ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi. Ndiyo maana tunaandika "had gone" wala si "had went".

Swali: Mwanangu aliandika "When I entered, Grandmother had slept", akakosolewa bila maelezo. Kosa ni lipi, ikiwa kwa Kiswahili tunasema "Bibi alikuwa amelala"? Mzazi, Mombasa.

Mtoto huyo alifikiri vizuri, na alistahili kuelezwa. Kiambishi "-me-" kina kazi mbili katika lugha yetu: huonyesha tendo lililokamilika, kama katika "ameondoka", na pia huonyesha hali ambayo mtu ameingia na bado yumo, kama katika "amelala", "amekaa", "amesimama" na "amevaa". Kwa kazi ya kwanza, "alikuwa ame-" hulingana na "had". Kwa kazi ya pili hailingani, kwa kuwa kitenzi "sleep" hutaja usingizi wenyewe, ilhali "lala" yetu huanzia pale mtu anapoingia usingizini. Kwa hiyo "had slept" humfanya Mwingereza aelewe kwamba usingizi ulikuwa umekwisha, kama katika "She had slept well, so she rose early". Bibi aliyekuwa bado usingizini "was asleep" au "was sleeping". Vivyo hivyo aliyekuwa amekaa "was sitting", na aliyekuwa amevaa kanzu "was wearing a kanzu". Mwambie mwanao ajiulize kama hali inayotajwa ilikuwa ingali ikiendelea wakati ule. Ikiwa ndivyo, atumie "was". Naomba walimu wenzangu tulifundishe jambo hili waziwazi, kwani makosa mengi tunayoyaona kwenye insha hutoka hapa.

Swali: Je, "after" na "before" hulazimisha "had"?

Hapana. "After he locked the shop, he went home" ni sahihi, kwa sababu "after" imekwisha kuonyesha lililotangulia. "Had locked" nayo haina kosa.

Swali: Nikiona "she'd", nitajuaje kama ni "had" au "would"?

Tazama kitenzi kinachofuata: "she'd gone" ni "had", na "she'd go" ni "would". Vitenzi kama "come" na "put", ambavyo umbo lake la tatu ni sawa na la kwanza, huhitaji usome sentensi nzima ndipo uamue.

Swali: Katika ripoti zangu huandika "I had gone to Dodoma yesterday". Ni sawa? Karani, Dar es Salaam.

Ikiwa safari hiyo haitangulii tukio jingine la wakati uliopita unalolisimulia, andika "I went to Dodoma yesterday". "Had" haiongezi heshima wala urasmi, na ripoti iliyojaa "had" humchosha msomaji anayetafuta tukio la pili asilione.

Swali: Mbona "If I had known" haina matukio mawili yanayofuatana?

Hapo "had" inaonyesha jambo ambalo halikutokea, kama "-ngali-" yetu: "Ningalijua, ningalikuja" ni "If I had known, I would have come". Kwa kuwa Kiswahili hurudia kiambishi kilekile pande zote mbili, wengi huandika "If I would have known", na watahini huliona hilo kuwa kosa. "Would have" ikae upande wa matokeo tu. Na kitenzi kikiwa "have" chenyewe, usiogope kuandika "had" mara mbili: "If I had had the fare, I would have travelled".